UAMINIFU WA KILA SIKU
Njia ya wakristu wa Ziwa Tanganika, tangu Mpala hadi Fizi



Siku ya jubilei watu hupenda kuhesabu. Tunahesabu wabatizwa, ndoa zilizobarikiwa, mapadri na watawa waliotoka katika jamaa zetu, makanisa ya vijiji yaliyojengwa. Hesabu hizo ni haki, na kila moja ina mahali pake katika kitabu hiki cha ukumbusho. Lakini kuna jambo moja ambalo karani wa parokia hawezi kuliandika. Kitabu cha ubatizo chatuambia ni nani aliyeingia; hakituambii ni nani aliyedumu. Tena hao waliodumu ndio waliotuletea imani hadi leo. Kama wasingalidumu, tusingalikuwa na jubilei ya kusherehekea.

Nimeombwa kuandika machache juu ya uaminifu huo. Sitatunga mahubiri, kwa kuwa mahubiri ni kazi ya mapadri wetu. Nitasimulia mambo yaliyotokea kweli katika nchi hizi za ziwa, na mwisho nitauliza yatufundisha nini sisi wa leo.

1. Maana ya neno

Katika luga yetu, maneno imani, kuamini, uaminifu na amana ni ndugu wa tumbo moja. Amana ni kitu ambacho mtu amekuwekea, si chako. Siku atakapokuja kukiomba, yakupasa kumrudishia kizima. Mwaminifu ni mtu ambaye waweza kumwachia amana ukaenda safari ukalala usingizi. Basi tukisema kwamba mkristu ni mwaminifu kwa Mungu, tunasema zaidi ya kwamba anamwamini Mungu. Tunasema kwamba Mungu naye aweza kumwamini huyu mtu, kumwachia neno lake, sakramenti zake na maskini wake, pasipo kuogopa kwamba atavipoteza.

Na amana haitunzwi siku moja. Hutunzwa kila siku, hata siku ambapo hakuna anayeangalia. Bwana wetu alifundisha wazi kwamba aliye mwaminifu katika jambo dogo ndiye atakayekuwa mwaminifu katika kubwa (Lk 16, 10). Historia ya kwetu yathibitisha mafundisho hayo.

2. Mbegu ya kwanza katika nchi ya utumwa

Mapadri Weupe, walioundwa na Lavigerie katika mji wa Alger mwaka 1868, walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka 1880 walivuka ziwa wakajenga Masanze, upande wetu wa magaribi. Mwaka 1881 watatu wao waliuawa Rumonge, upande wa Burundi. Wenzao hawakurudi Ulaya. Mwaka 1883 walianza misioni ya Kibanga, na mwaka 1885 wakapokea boma la Mpala, ambalo Émile Storms, ofisa wa Ubelgiji, alikuwa amelijenga mwaka 1883.

Yafaa tukumbuke nchi ilikuwaje siku zile. Misafara ya watumwa na pembe ilipita pande zote, kutoka Manyema kuelekea ziwa, na kutoka ziwa kuelekea Ujiji, Tabora na pwani ya bahari. Vijiji vilichomwa moto, watu walifungwa minyororo, watoto walitengwa na wazazi wao. Kingwana chetu chenyewe kilikuja kwa njia ileile ya misafara. Luga iliyotumika kuhesabu watumwa sokoni ndiyo iliyotumika baadaye kuhesabu Amri za Mungu katika mafundisho ya dini. Mungu ana desturi ya kuokota kilichoharibiwa na watu na kukifanya chombo chake.

Wakristu wa kwanza wa Kibanga na Mpala walikuwa hasa watoto waliokombolewa kutoka mikononi mwa wauza-watu, pamoja na watu waliokimbilia misioni wapate usalama. Historia ya kweli haifichi jambo hilo. Wengi walikuja kwanza kwa sababu ya chakula na ulinzi. Mtu asiye na baba wala ukoo wala shamba angekwenda wapi? Kwa hiyo watu wengine wamesema kwamba imani ile ya mwanzo ilikuwa imani ya tumbo tu.

Nadhani jibu liko katika mambo yaliyofuata. Mlango ambao mtu anaingilia si kipimo cha imani yake. Mitume wenyewe walianza kwa kutafuta vyeo katika ufalme. Kipimo huonekana siku ambapo faida imekwisha na mtu bado yupo. Lavigerie alilifahamu hilo, ndiyo maana aliwakataza wamisionari wake kuharakisha ubatizo. Aliagiza kwamba mtu mzima ajifunze na kujaribiwa muda wa miaka minne. Miaka minne ya kuacha mazoea, kusali, kusikiliza, kutunza mke mmoja, kupatana na jirani! Leo vijana wetu wengine hulalamika wakiambiwa wangoje miezi michache tu mbele ya Kipaimara. Wazee wetu walingoja miaka minne, na katika muda huo walionyesha kama mapatano yao na Mungu yalikuwa ya chakula au ya moyo.

3. Kapiteni Joubert na Agnes Atakao

Mwaka 1887 alifika Mpala mlei mmoja Mfaransa, Léopold Louis Joubert. Alizaliwa mwaka 1842, na katika ujana wake alikuwa askari wa Papa huko Roma. Lavigerie alimtuma alinde misioni na watu wake juu ya wauza-watu. Joubert alipigana vita, na juu ya vita vile waandishi wa historia wanaendelea kubishana, vilevile juu ya mpango wa kujenga ufalme wa kikristo kando ya ziwa. Mpango ule haukudumu. Serikali ya wakoloni ilikuja na kuchukua utawala wote.

Lakini katika maisha ya Joubert kuna upande mwingine ambao hatuusimulii vya kutosha. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakao, msichana mkristu wa nchi hii, kwa ndoa ya kanisani. Siku zile wazungu wengi walioishi na wanawake wa Afrika waliwaficha, na mwisho wa mkataba waliwaacha pamoja na watoto. Joubert hakufanya hivyo. Alikaa na mke wake Mpala, kisha Mrumbi, kisha Moba. Aliwalea watoto wake hapa, aliwatibu wagonjwa, aliwafundisha watu dini. Katika uzee wake macho yalipofuka. Hakurudi Ufaransa kutafuta raha. Alikufa Moba mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 85, nyuma ya miaka 40 katika nchi hii.

Kati ya mambo yote aliyoyatenda, bunduki yake imekuwa habari ya vitabu tu. Ndoa yake ndiyo iliyozaa matunda yanayoonekana hadi leo, kama tutakavyoona. Agnes Atakao hakuandika kitabu wala hakuongoza jeshi. Alitunza nyumba yake, alisali na watoto wake, alimwongoza mume kipofu. Wamama wa parokia yetu, jina hilo ni lenu, mlikumbuke.

4. Katekista na kengele yake

Katika mwaka 1893 Mapadri Weupe walianza Baudouinville, yaani Kirungu ya leo, na Monsenyeri Victor Roelens, aliyepewa daraja ya uaskofu mwaka 1896, aliliongoza Kanisa la Kongo ya Juu hadi mwaka 1941. Nchi aliyopewa ilikuwa kubwa kupita nguvu za mapadri wachache. Katika vijiji vingi padri alipita mara chache tu kwa mwaka. Alifika kwa miguu, akasikiliza maungamo, akabatiza, akabariki ndoa, akatoa misa, akaenda zake. Siku nyingine zote, nani aliyelinda amana?

Alikuwa katekista. Mapema asubuhi aligonga kipande cha chuma kilichofungwa mtini, akawaita watu kwa sala. Aliwafundisha wakatekumena maswali na majibu hadi wayajue kwa moyo. Aliwatembelea wagonjwa, akawabatiza wale waliokuwa katika hatari ya kufa. Aliwapatanisha wagomvi. Siku ya Dominika aliongoza sala pasipo misa. Kisha alichukua jembe akaenda shambani kama watu wote, kwa maana posho yake haikutosha kulisha jamaa. Ugonjwa wa malale ulipoharibu vijiji vya pwani ya ziwa mwanzoni mwa karne ya 20, na watu wakahamishwa kwenda mahali pa juu, kazi ilikuwa kuanza tena mahali papya.

Wengi wa wanaume hao hatujui hata majina yao. Hakuna sanamu yao katika mji wowote. Lakini tujiulize: katika kijiji ambacho padri hupita mara tatu kwa mwaka, wakristu wanaishije siku nyingine 362? Jibu la swali hilo ndilo historia ya Kanisa letu. Sisi makatekista wa leo, tulio na baiskeli, wengine na pikipiki na simu ya mkononi, tunapolalamika juu ya ugumu wa kazi, yatupasa kuwakumbuka.

Katika bustani hiyo iliyomwagiliwa na makatekista ndipo lilipochipuka tunda la kwanza la upadri. Stefano Kaoze, mtoto wa milima ya Marungu, alipewa upadri Baudouinville tarehe 21 Julai 1917. Ni yeye padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati zetu. Kabla ya kufika altareni alikuwa amevumilia masomo ya miaka mingi: Kilatini, filozofia, teolojia. Wengi hawakuamini kwamba mwafrika angeweza kufika mwisho wa njia ile, wala kwamba angedumu. Kaoze alidumu padri hadi kufa kwake mwaka 1951, muda wa miaka 33 na zaidi.

5. Jumamosi moja ya mwaka 1964

Sasa tufike kwenye mwaka wa machozi. Mwaka 1964 uasi wa Simba ulienea mashariki mwa Kongo. Uvira na Fizi zilishikwa, kisha Albertville, na mwezi wa nane Stanleyville. Tayari miaka miwili mbele yake, tarehe 1 Januari 1962, wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wameuawa huko Kongolo. Kila mtu alijua hatari ni ipi.

Katika jimbo la Uvira, lililoundwa mwaka 1962, walitumika wamisionari Wasaveri kutoka Italia. Huko Baraka, kando ya ziwa, walikuwapo Padri Luigi Carrara, mwenye umri wa miaka 31, na Frera Vittorio Faccin, mwenye umri wa miaka 30. Huko Fizi, mlimani, walikuwapo Padri Giovanni Didonè, mwenye umri wa miaka 34, na Abé Albert Joubert, mwenye umri wa miaka 56. Huyu wa mwisho ni mtoto wa Kapiteni Joubert na Agnes Atakao, aliyezaliwa Mrumbi mwaka 1908 na kupewa upadri mwaka 1935. Ndiyo ile ndoa tuliyoisimulia.

Tarehe 28 Novemba 1964 ilikuwa Jumamosi, kesho yake ikiwa Dominika ya kwanza ya Majilio. Baada ya saa sita, gari la waasi lilifika mbele ya misioni ya Baraka. Frera Vittorio aliamriwa apande. Alikataa, akapigwa risasi. Saa ile Padri Luigi alikuwa kanisani akisikiliza maungamo. Alitoka, naye akaamriwa apande. Alikataa kumwacha ndugu yake, akapiga magoti karibu na maiti, akauawa pale pale. Jioni gari lilelile lilipanda Fizi. Padri Giovanni alitoka nje, akafanya ishara ya msalaba, akapigwa risasi. Abé Albert naye aliuawa papo hapo.

Muda wa siku tatu baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, huko Isiro, Sista Marie-Clémentine Anuarite wa Shirika la Jamaa Takatifu aliuawa kwa sababu alikataa kuvunja ahadi aliyomwekea Mungu. Alikuwa hajatimiza miaka 25. Mbele ya kufa alimsamehe yule aliyemwua. Papa Yoane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Wale wanne wa Baraka na Fizi walitangazwa wenyeheri tarehe 18 Agosti 2024 huko Uvira, katika misa iliyoongozwa na Kadinali Fridolin Ambongo kwa jina la Papa Fransisko. Wenye kuzaliwa siku ya vifo vyao walikuwa wamekwisha kuwa mababu.

Ndugu, tuangalie vizuri mahali kifo kilipowakuta. Frera alikuwa katika kiwanja cha misioni yake. Padri Luigi alikuwa katika maungamo, kazi ya Jumamosi zote. Wale wa Fizi walikuwa nyumbani kwao, kama jioni zote. Hakuna aliyetoka kwenda kutafuta ushahidi mkubwa. Walikuwa mahali pao pa kazi, nao walikuwa na muda wa kuondoka miezi iliyotangulia. Wasingalikuwa waaminifu kwa Jumamosi za kawaida, Jumamosi ile isingaliwakuta pale. Vivyo hivyo Anuarite: mbele ya usiku ule wa Isiro zilikuwapo siku nyingi za kufundisha watoto na kutumika jikoni, ambazo hakuna aliyezishangilia. Mtu hajifunzi kuogelea siku mtumbwi unapozama.

6. Majina yetu na Noeli yetu

Nyuma ya risasi lilikuja jaribu la namna nyingine, lisilomwaga damu. Mwaka 1971 nchi iliitwa Zaire, na mwaka 1972 serikali ya Rais Mobutu, kwa ajili ya siasa ya kurudia uasilia, iliamuru watu waache majina ya kikristo. Kadinali Malula alipolisema neno lake, ilimbidi kuondoka nchini mwaka ule, akakaa Roma miezi kadhaa. Vyama vya vijana wakatoliki vilifutwa, vijana wakaagizwa kuingia katika chama cha taifa. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika sikukuu za serikali, na tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi. Mwishoni mwa mwaka huo shule za Kanisa zilichukuliwa na serikali, na somo la dini likaondolewa. Shule zilirudishwa mikononi mwa Kanisa kwa mapatano ya mwaka 1977.

Tuwe wa haki: neno la uasilia lenyewe halikuwa baya. Jina la babu si zambi, na Eklezya imejifunza kumsifu Mungu kwa ngoma na kwa majina yetu. Shida ilikuwa kwamba mtawala wa nchi alitaka kukaa mahali pa Mungu na kuamuru hata kile kinachosemwa juu ya kisima cha ubatizo.

Wakristu wakafanya nini? Hawakushika silaha. Kazini waliitwa kwa jina la kitambulisho, lakini jamaa nyingi nyumbani ziliendelea kuita watoto kwa majina ya watakatifu wao. Kazi ya siku ya Noeli ilifanywa, na sala ya Noeli ilisaliwa. Somo la dini lilipotoka shuleni, ilibidi wazazi na makatekista walichukue wenyewe. Jumuiya ndogo za kikristo, ambazo maaskofu wetu walikuwa wamezichagua kuwa njia ya Kanisa tangu mwaka 1961, zilionyesha wakati huo zina faida gani. Serikali iliweza kuchukua shule. Haikuweza kuchukua mkeka ambapo jamaa kumi wanakutana jioni kusoma Evanjili. Jaribu lile lilitufundisha kwamba Kanisa si majengo peke yake. Je, tumelishika fundisho hilo, au tumelisahau tangu tuliporudishiwa shule?

7. Uaminifu mahali pa kazi

Mtu ataniambia: hao ni mapadri na watawa, sisi walei tuna kazi zetu na njaa zetu. Basi tuwataje walei wawili wa nchi yetu, waliokufa kwa sababu ya kazi.

Isidore Bakanja alikuwa kijana wa pande za Equateur, mfanyakazi wa ujenzi, aliyebatizwa mwaka 1906. Baadaye alitumika kwa wazungu wa kampuni katika mashamba. Alisali, aliwafundisha wenzake sala, alivaa skapulari ya Bikira Maria. Msimamizi wa kazi alimwamuru aivue, naye akakataa. Mwaka 1909 alipigwa viboko vikali hata mgongo ukawa kidonda kimoja, akateseka miezi mingi, akafa tarehe 15 Agosti 1909, akiisha kumsamehe aliyempiga. Alitangazwa mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994.

Karibu miaka 100 baadaye, mjini Goma, kijana Floribert Bwana Chui alitumika katika ofisi ya serikali inayopima bidhaa zinazoingia nchini. Alikuwa mshiriki wa Jumuiya ya Sant'Egidio, rafiki wa watoto wa barabarani. Waliletwa mbele yake mizigo ya chakula kilichooza. Walimpa feza ili atie sahihi, walimtisha, alikataa, kwa kuwa chakula kile kingewatia watu ugonjwa. Mwezi wa saba wa mwaka 2007 aliibwa na watu, akateswa, akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, katika basilika ya Mtakatifu Paulo huko Roma, alitangazwa mwenyeheri.

Ndugu, hapo ndipo mfano unapotugusa sote. Hakuombwa kumkana Kristu kwa mdomo. Hakuna aliyemwambia akanyage msalaba. Aliombwa sahihi moja tu, kama sahihi zinazotiwa kila siku katika ofisi za nchi yetu, nyuma ya bahasha. Angaliweza kutia sahihi, kisha kwenda misa Dominika na kuimba pamoja na wengine, na hakuna ambaye angalijua. Yeye alifahamu kwamba sahihi ile na Ekaristi havikai katika mkono mmoja.

8. Historia hii yatudai nini?

Tukiyapanga mambo haya yote pamoja, twaona majaribu manne. Wa kwanza walijaribiwa kwa faida: je, utadumu chakula kikiisha? Makatekista walijaribiwa kwa upweke: je, utadumu padri akiwa mbali? Wa mwaka 1964 walijaribiwa kwa woga: je, utadumu bunduki ikikuelekea? Wa miaka ya Zaire, na Floribert baadaye, walijaribiwa kwa jambo linaloonekana dogo: jina, siku ya kazi, sahihi. Nathubutu kusema kwamba jaribu la mwisho ndilo gumu zaidi, kwa sababu halipigi kelele. Bunduki humwamsha mtu. Bahasha humlaza usingizi.

Vita vimetutesa tangu mwaka 1996. Wengi wa parokia zetu wamezika watu wao, wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena. Hatuhitaji kufundishwa habari za mateso. Tunalohitaji ni kujiuliza juu ya mambo madogo. Feza ya shirika iliyo mikononi mwa mtunza-feza, je, inatimia siku ya kuhesabu? Kipimo cha unga sokoni, je, ni kilekile kwa mgeni na kwa jamaa? Mwalimu mkristu, je, anauza pointi kwa mwanafunzi wa kike? Mume anayetoka kwenda machimboni kutafuta zahabu, je, anakumbuka mwezi wa tatu ahadi aliyoitoa altareni? Mjane wa jirani, je, shamba lake limebaki lake? Yule aliyetukosea wakati wa vita na sasa amerudi kijijini, je, tunamsalimu?

Hayo ndiyo maungamo ya dini ya kila siku. Hakuna atakayetutangaza wenyeheri kwa sababu ya kipimo cha unga. Lakini Kanisa la ziwa hili halikuishi kwa wenyeheri wake peke yao. Liliishi kwa maelfu ya watu ambao siku baada ya siku walirudisha amana nzima. Nyuma ya Abé Albert alikuwapo mama Agnes. Nyuma ya Kaoze walikuwapo wanaume wenye kipande cha chuma na jembe.

Katika jubilei hii tutawaombea marehemu wetu wote, kwanza wale ambao majina yao yamefutika hata katika makaburi. Nasi tuwaombe watuombee. Mwenyezi Mungu, aliye mwaminifu kabla yetu na kupita sisi, awabariki mapadri wetu, watawa wetu, jamaa zetu, wagonjwa wetu na watoto wanaoanza mafundisho mwaka huu. Atupe neema ya kudumu leo, na kesho atupe neema ya kesho.

Wenyeheri Luigi, Vittorio, Giovanni na Albert, mtuombee.
Mwenyeheri Anuarite, utuombee.
Wenyeheri Isidore na Floribert, mtuombee.

Katekista wa parokia